Je, ni Ulafi Kusafiri kwa Ajili ya Chakula?

Wako watu wanaofunga safari hata Ugiriki, ng'ambo ya bahari, ili wale samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni pale pale yanapokamuliwa. Kwetu pia wako. Mtu hutoka Dar es Salaam kwa treni, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,200, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na shabaha yake ni moja: mgebuka wa mawese kwa ugali wa muhogo. Jirani humcheka, ati tumbo limemtuma. Je, mtu huyo ni mlafi?

Sisi twaona kwamba si lazima awe mlafi. Kupenda chakula kizuri si dhambi. Ulafi huanza pale mtu anapokipenda hata akamsahau mwenzake, asijali kimetoka wapi wala nani amekikosa. Msafiri huyu akidamka na kushuka mwaloni Kibirizi, atawaona wavuvi wakirudi na taa zao, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na nuru. Atawaona akina mama wakiwaanika juani. Kisha akipanda hadi sokoni Mwanga na kununua, atajua analipia jasho la nani, naye atakula kwa shukrani.

Hata hivyo, iko mizani ya kumpimia. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Mgeni aliyefika siku zile angefanya nini? Angekubali kula maharage, au angemnong'oneza mtu amtafutie mgebuka wa magendo kwa bei yoyote? Mvuvi, ambaye ziwa ndilo shamba lake, alitakiwa kungoja miezi mitatu. Itakuwaje anayetafuta utamu tu ashindwe kungoja?

Basi, wazazi, safari ya namna hii ikiwezekana ifanyeni, tena pamoja na watoto. Lakini nauli isitoke katika ada ya shule, wala mgonjwa asiachwe nyumbani bila dawa. Nanyi mkifika mkaambiwa kwamba leo hakuna samaki, pokeeni kilichopo bila kununa. Awezaye kufanya hivyo ndiye bwana wa tumbo lake, na siku mgebuka akipatikana, amle kwa furaha pasipo haya.