Je, kumwacha mkubwa wa kazi ni usaliti?

Wasomaji wetu wengi wazijua nyimbo za kundi la African Jazz, hata vijana wasiolijua jina la aliyeziimba. Twataka kulitazama kundi hilo kwa sababu ya swali linalorudi kila mara katika karakana, madukani, hata katika kwaya zetu: mtu aliyelelewa kazini na mkubwa wake, akiondoka pamoja na wenzake, je, amemsaliti?

Joseph Kabasele aliunda African Jazz mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1953. Yeye alikuwa sauti na jina la kundi. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, aliingia angali kijana mdogo. Gitaa lake likawafanya watu waitambue African Jazz kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwaka 1959 akapokewa Tabu Ley, yule Rochereau. Mwanzo wa 1960 Kabasele na Nico walikuwa Bruxelles, pamoja na wapigaji wengine, wawili wakitoka OK Jazz, wakati viongozi wa Congo walipojadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo « Indépendance Cha Cha », ambao redio ziliupeleka mbali kupita mipaka yetu. Mwaka ule ule Kabasele akaanzisha nyumba yake mwenyewe ya kutoa santuri, Surboum African Jazz. Jambo la heshima kabisa.

Lakini tazameni: aliyekuwa mwimbaji mwenzao sasa akawa pia mwenye biashara. Mwaka 1963 Nico, Rochereau, Roger Izeidi na wengine wakamwacha, wakaunda African Fiesta. Manung'uniko juu ya fedha yalikuwamo.

Mtu atasema: « Bila Kabasele, nani angemjua Rochereau? » Ni kweli, na shukrani ni deni. Ila deni hilo halilipwi kwa mshahara wa mtu. Mwashi aliyemfundisha kijana kupanga matofali hakupata kwa hiyo ruhusa ya kula jasho lake mpaka uzeeni. Kijana anayeuliza mapato yamekwendaje hamtukani mtu. Na mkubwa anayemjibu kwa kumkumbusha alikomtoa, bado hajajibu.

Hata hivyo hatuwapi haki yote wanaoondoka. Wakitoka wote kwa mara moja, wamwachia mwenzao jina tupu. Kabasele alitafuta wapigaji wengine, lakini African Jazz haikupata tena nguvu yake ya kwanza. Jina lilikuwa lake, muziki ulikuwa wa wote, na nani awezaye kuugawa muziki kama gunia la mihogo? Kwa maoni yetu kuondoka si usaliti. Usaliti ni kupanga gizani huku ukila naye meza moja.

Na hao wa African Fiesta je? Haikupita miaka mitatu, Nico na Rochereau wakatengana. Kila mmoja alilishika jina la Fiesta asiliachie: Nico akaongoza African Fiesta Sukisa, Rochereau African Fiesta National. Sasa wao ndio waliokuwa wakubwa, wenye vijana nyuma yao. Kabla ya mwaka 1970 mmoja wa waimbaji wa Rochereau, Sam Mangwana, akamwaga, akaenda na wenzake kuunda Festival des Maquisards.