Kosa Lisilo Hatia: Miungu na Lawama katika Tanzia ya Oedipus

Uhakiki wa tanzia aghalabu huanza kwa kuuliza nani alaumiwe. Kwa habari ya Oedipus, mfalme wa Thebes aliyemuua babake na kumwoa mamake pasi na kujua, majibu mawili yamezoeleka mno hata ni nadra kuhojiwa. La kwanza ni kwamba miungu ndiyo yenye lawama: Apollo alikwisha kutabiri, na mwanadamu aliyetabiriwa hana hila. La pili ni kwamba Oedipus alikuwa na dosari, ama hasira ama kiburi, nayo ndiyo iliyomponza. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yote yanatokana na haja moja, kwamba panapo mateso sharti apatikane wa kutozwa deni lake. Ni vigumu kuona kwamba Sophocles alikuwa na haja hiyo.

Jibu la dosari ndilo dhaifu zaidi. Mwaka 1966 E. R. Dodds, aliyekuwa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha makala ya kuwasuta wanafunzi waliokuwa wakilirudiarudia katika mitihani, na hoja yake ya msingi haijapanguliwa. Unabii kwamba Laius angeuawa na mwanawe ulitolewa kabla ya mtoto kuzaliwa. Hasira alizokuja kuwa nazo mtoto huyo ukubwani haziwezi kuwa sababu ya hukumu iliyomtangulia duniani. Hata hivyo jibu hili halifi. Linampa msomaji faraja kwamba wanaoanguka walistahili kuanguka, na kwa hiyo yeye aliye mpole amesalimika.

Nguzo ya jibu hilo ni neno hamartia, alilolitumia Aristotle katika sura ya 13 ya Poetics. Asemavyo ni kwamba mhusika wa tanzia huporomoka kwa sababu ya hamartia fulani, si kwa uovu, na Oedipus ni miongoni mwa mifano yake. Wahakiki wengi waliofuata mapokeo ya Kiingereza wamelielewa neno hilo kuwa doa la tabia. Lakini kitenzi chake, katika tenzi za Homer, hutumiwa kwa mkuki uliorushwa usifike shabaha. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo wahakiki wake hawajaitumia vya kutosha. Kukosa ni kutopata, na kukosa ni kutenda kosa. Mwindaji aliyemkosa paa na mtoto aliyemkosea babake wanaelezwa kwa mzizi mmoja, wala msemaji haoni ajabu. Dhana ambayo mwanafunzi wa Kiingereza huhitaji kuelezwa kwa aya nzima imo tayari katika kitenzi anachokitumia kila siku mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa.

Ni kweli kwamba neno hilohilo la Kigiriki liliingia katika Agano Jipya kwa maana ya dhambi. Takriban karne nne zinamtenga Aristotle na Paulo, na msomaji aliyelelewa na Biblia anaweza kumtwika Aristotle mzigo wa Paulo bila kujua. Dhambi ni ya mbele ya Mungu, hatia ni ya mbele ya hakimu. Kosa linaweza kuwapo hata pasipokuwa na hakimu wala Mungu wa kulihesabu. Oedipus aliihama Corinth ili asimdhuru Polybus, mtu aliyemjua kuwa babake. Nia ilikuwa njema na mkono haukutetemeka, ila shabaha haikuwa pale alipodhani.

Na miungu je? Neno moira, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa jaala, asili yake ni fungu, yaani sehemu ya mtu katika mgawo. Tofauti si ndogo. Asemaye kwa Kiswahili kwamba jambo ni majaliwa humwachia Mungu mmoja, mjuzi na mwenye rehema, lile asiloweza kulielewa. Mgawo wa Wagiriki hauna rehema wala chuki. Katika utenzi wa 16 wa Iliad, Zeus anatamani kumwokoa mwanawe Sarpedon ambaye fungu lake limekwisha. Hera anamwonya, naye anamwacha afe huku akinyesha matone ya damu juu ya nchi. Mungu anayelia hivyo si yule wa majaliwa. Samuel Mushi alipoitafsiri tanzia hii kwa jina la Mfalme Edipode (1971), alikuwa na kazi kubwa kuliko ya kupata visawe. Msamiati wa jaala alioukuta katika Kiswahili ulikuwa umekwisha kusilimu na kubatizwa.

Zeus huyohuyo, mwanzoni mwa Odyssey, analalamika kwamba wanadamu huisingizia miungu ilhali hujizidishia balaa kwa ujinga wao wenyewe, na mfano wake ni Aegisthus, aliyeonywa na Hermes akapuuza. Lalamiko hilo halimgusi Oedipus. Yeye alionywa, akatii, na utii ule ndio uliomfikisha kwenye njia panda alikomuua Laius.

Ola Rotimi aliihamishia tanzia hii katika nchi ya Wayoruba kwa tamthilia The Gods Are Not to Blame, iliyoigizwa mara ya kwanza 1968, vita vya Biafra vikiendelea, na kuchapishwa 1971. Odewale anamuua mzee shambani baada ya mzee huyo kuwatukana watu wa kabila lake, na mwishowe anakiri kwamba miungu iliutumia udhaifu wake huo. Rotimi mwenyewe alieleza kwamba miungu ya anwani ile ni mataifa makubwa ya nje, ambayo Wanaijeria wasiyasingizie vita vyao. Kisiasa hoja hiyo ina uzito, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kwa nini. Kimaadili, hata hivyo, tamthilia inalipa gharama. Ili miungu isilaumiwe ilibidi Odewale apewe dosari, na kwa njia hiyo jibu alilolikataa Dodds likarudi kwa mlango wa nyuma. Unabii nao bado umo ndani ya tamthilia, umetolewa mtoto akiwa mchanga, na anwani haiwezi kuufuta.

Katika Sophocles mauaji na ndoa ni mambo yaliyokwisha kupita kabla ya tamthilia kuanza. Kinachotendeka jukwaani ni uchunguzi, na uchunguzi huo haukuamriwa na unabii wowote wa zamani. Apollo alitaka muuaji wa Laius atafutwe. Hakumwagiza Oedipus aulize yeye ni mwana wa nani. Teiresias anamsihi asiulize, Jocasta anamsihi, mchungaji mzee anamsihi. Anauliza. Baada ya kujipofua anasema kwamba Apollo ndiye aliyeleta mateso haya, bali mkono uliopiga macho ulikuwa wake mwenyewe. Hajitetei wala hamshtaki mungu.

Utetezi unakuja katika Oedipus huko Colonus, iliyoigizwa 401 K.K., Sophocles akiwa amekwisha kufariki. Mzee kipofu anadai waziwazi kwamba hakujua, kwamba alishambuliwa kwanza, na kwamba mbele ya sheria yu safi. Athens ilikuwa na sheria ya Draco, iliyochongwa upya kwenye jiwe mwaka 409/408 K.K., iliyomtenga aliyeua kwa kukusudia na aliyeua bila kukusudia. Lakini hata huyo wa pili ilimpasa kuhama nchi mpaka jamaa za marehemu wamsamehe. Jamii nyingi za Afrika Mashariki, zilizomtakasa mpiganaji aliyeua vitani kabla ya kumruhusu kuingia nyumbani, zisingeona mkanganyo hapo.

Theseus, mfalme wa Athens, anamrudishia Oedipus binti zake waliokuwa wametekwa. Mzee anaomba mkono wa mfalme aushike na kumbusu kwa shukrani. Kisha anajizuia. Hakuna aliyemkataza: Theseus amekwisha kumpokea, na yeye mwenyewe amekwisha kujitetea. Anauliza itakuwaje mtu mwenye waa kama lake amguse mwingine, anaurudisha mkono wake, na kumshukuru mfalme akiwa amesimama mbali.