Ishara Isiyo na Kitu

Ukiiwasha kompyuta itumiwayo na watu wengi, msomaji, huona vijipicha vimetapakaa juu ya skrini. Baadhi vina kishale kidogo pembeni. Kishale hicho huonyesha ya kuwa kijipicha si programu yenyewe, bali ni njia ya mkato iendayo kwenye programu. Ndani yake hamna ila anwani. Desturi hii ilienea kwa watu wa kawaida tangu Windows 95 ilipotolewa mwaka wa 1995, ingawa Unix ya Berkeley ilikuwa na viungo vya jamii hiyo tangu mwaka wa 1983.

Sasa, folda ya programu ikifutwa kwa mkono, njia ya mkato haina habari. Hubaki pale pale ikiwaita wapita njia. Ukiibofya, kompyuta hutafuta, kisha hukiri kwamba kilichotajwa kimebadilishwa au kimehamishwa, na huuliza kama kijipicha kifutwe. Wengi hulijibu swali hilo bila kufikiri. Mimi naliona ni swali la maadili.

Je, kijipicha hicho ni mwongo? Siwezi kukiita hivyo, maana mwongo huujua ukweli akauficha. Hatia, ikiwapo, i juu ya yule aliyeiondoa programu akaiacha ishara yake. Yeye alijua; ajaye baadaye hajui. Mwanafunzi mgeni hubofya mara tatu, akadhani ameiharibu mashine, akaondoka na aibu isiyo yake. Wenyeji huvizoea vijipicha vilivyokufa hata wasivione. Mgeni ndiye alipaye. Hali kadhalika ubao wa zahanati iliyohama haumdhuru jirani, humdhuru mgonjwa aliyetoka mbali usiku.

Basi na tufagie? Ngoja kwanza. Siku moja nilijitwika kazi ya kuisafisha kompyuta ya chumba cha walimu. Nilikuta kijipicha ambacho kila nikikibofya kilijibu hakioni kitu. Nikakifuta kwa furaha ya mfagiaji. Kesho yake akaja mwalimu mmoja mzee, aliyebakiza muhula mmoja astaafu. Akachomeka flashi yake, akatazama skrini, akatazama tena.

"Mwalimu mwenzangu," akaniuliza, "alama za watoto ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya flashi, za miaka minne, hata moja haikuguswa. Lakini alijua mlango mmoja tu wa kuziendea, nao nilikuwa nimeuziba mimi. Wakati huo sikukumbuka nilichokifuta, tukahangaika karibu saa nzima. Tulipoipata folda, kuunda njia mpya hakukuchukua hata dakika. Lile saa la hofu, walakini, sina namna ya kumrudishia.

Nilikuwa nimepima uhai wa kitu kwa kufika kwangu mimi. Kijipicha hakikuwa kimekufa; mwenyewe hakuwapo. Ziko programu ziahidizo kufagia njia zote mbovu kwa mara moja, nazo hakika zaweza kuitambua anwani isiyofika. Ni nani anayeitegemea anwani hiyo, haziwezi kujua. (Liko pia kosa la kinyume, la mtu kufuta faili lenyewe akidhani ni njia ya mkato, kwa kuwa hakutazama kishale. Huyo huokolewa na kapu la takataka, maadamu hakulimwaga siku ile ile.)

Siku hizi, kabla sijafuta, hufungua sifa za njia ya mkato na kusoma lengo lake. Ikiwa limeandikwa kwenye diski C, na folda haipo, wala haikuhamishiwa kwingine, naifuta. Ikiwa ni E au F, nauliza chumbani: "Hii ni ya nani?" Aghalabu hajibu mtu. Basi huandika jina lake kwenye kikaratasi, nikakibandika kando ya skrini, nikakiacha hapo mpaka Ijumaa.