Nyumba Iliyo Tupu
Soma Mathayo 12:43–45. Nyumba ile ilikuwa imesafishwa vizuri, hata hivyo pepo alirudi na wenzake saba. Kwa nini aliweza kuingia?

Wengi huacha sigara hivyo hivyo. Pakiti hutupwa jalalani Sabato jioni, baada ya hubiri lililowagusa. Jumanne, chai ikiisha, mkono unaitafuta mfukoni. Ndipo mtu husema kwamba Mungu hakusikia. Lakini aliomba kuondolewa kitu, hakuomba kujazwa.

Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, ulioanzishwa na Waadventista J. Wayne McFarland na Elman Folkenberg, haukuwaacha watu watupu. Walifundishwa kunywa maji mengi, kutembea baada ya kula badala ya kuketi, kuvuta pumzi ndefu, na kumwomba Mungu nguvu. Nao walisema kwamba wamechagua kutovuta, jambo ambalo ni tofauti na kuapa. Hamu ya sigara huja kwa nguvu, kisha hupungua baada ya dakika chache. Katika dakika hizo, mlango anaoutaja Paulo katika 1 Wakorintho 10:13 huwa wazi, ila Mungu hamsukumi mtu apite.

Ni saa ipi ya siku ambapo tabia yako ya zamani huja kubisha hodi, na humkuta nani ndani?