Shukrani Inayotaja Misri

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11

Mliokuwa ibada ya pili mnakumbuka nilianza kisa cha safari yangu, saa ikaniishia. Wacha nikimalize hapa.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa Lowell, jimbo la Massachusetts, kwa dada yangu mkubwa. Mji ule una Wakenya wengi, hata dukani unaweza kusalimiwa "habari ya asubuhi" kabla hujalipa. Nilifika tarehe 2 Julai, na tarehe 4 ndiyo siku ya uhuru ya Marekani, katikati ya majira yao ya joto. Dada alikuwa amechomeka bendera ndogo uani. Shemeji alikuwa anageuza nyama kwa makaa, kachumbari iko tayari, na watoto wamevaa fulana nyekundu, nyeupe na buluu. Dada akaniambia, "Pastor, jioni utatuombea. Umshukuru Mungu kwa ajili ya nchi hii."

Nikasema amina. Lakini niseme ukweli, moyo ulikataa. Nilijiambia: nchi yao, sikukuu yao, mimi inanihusu nini? Kwani sisi wenyewe Madaraka Dei si tunalala mpaka saa nne, tunaamka kufua nguo? Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa Mama.

Mama alipolala, dada hakuja kumzika. Karatasi zake za ukaaji zilikuwa bado zinashughulikiwa, na aliambiwa akitoka wakati huo huenda asiruhusiwe kurudi, na watoto wako huko. Alifuata mazishi kwa simu. Hapa ilikuwa saa sita mchana, kwake alfajiri, na binamu yetu ameinua simu juu ya kaburi huku mtandao unakatika. Mimi ndiye niliyetupa udongo kwa niaba yake. Sikuwahi kumlaumu kwa mdomo, lakini ndani nilikuwa nimemwandikia deni. Nilisomea biashara, na huo ndio ugonjwa wetu: tunaweka daftari hata la mambo ambayo hayana bei.

Basi nikaingia chumbani kutafuta andiko la kuombea, nikaangukia sura hii ya 26. Ni Mungu anawafundisha Waisraeli namna ya kusherehekea nchi aliyowapa. Wachukue malimbuko, wayatie ndani ya kikapu, waende kwa kuhani. Sasa angalia maneno anayowapa ya kusema. Hawaanzi na maziwa na asali. Wanaanza na baba aliyekuwa akitangatanga, akashuka Misri na watu wachache. Wanataja kazi ngumu. Wanataja kuteswa. Wanataja kilio, na Mungu aliyesikia. Ndipo mtu anasema, tazama, nimeleta. Yaani Mungu hataki tumwonyeshe ukurasa wa faida peke yake, anataka hesabu yote isomwe madhabahuni. Halafu mstari wa 11 unaagiza wafurahi, wao na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Huyo mgeni hakutoka Misri pamoja nao, hana shamba, hana hata tunda moja ndani ya kile kikapu. Lakini anawekewa kiti.

Nilipoona hivyo, hata historia ya ile sikukuu ilinijia tofauti. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alimwandikia mkewe Abigail tarehe 3 Julai 1776 kwamba siku ya uhuru itaadhimishwa kwa ibada kwa Mungu, na pia kwa gwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto. (Yeye alidhani siku yenyewe itakuwa tarehe 2, maanake ndiyo kura ilipigwa. Tarehe 4 ni ile ya kupitishwa kwa Azimio.) Lakini mwaka 1852, tarehe 5 Julai, Frederick Douglass alisimama mjini Rochester. Huyu alizaliwa mtumwa akatoroka. Akawauliza waliomwalika, sikukuu hii inamhusu nini mtumwa? Utumwa ulikuja kukomeshwa nchi nzima mwaka 1865. Mimi naona Adams alileta kikapu, na Douglass akataja Misri. Ukimwachia mmoja wao aseme peke yake, ibada ya Kumbukumbu 26 haijakamilika.

Na wewe unayesoma, labda una ndugu Marekani au Ghuba. Sikukuu ikifika, unahesabu nani alituma na nani hakutuma. Umewahi kumuuliza Misri yake ilikuwa wapi?

Jioni tukakaa mezani. Jirani yao, mzee wa Kimarekani anayeishi peke yake, alikuwa amekaribishwa. Nilipofumba macho, dada akasema, "Ngoja kidogo. Watoto, mnajua siku nyanya yenu alizikwa mimi nilikuwa wapi?" Hawakujua. Akawaambia simu ilipokatika alivaa sare, akaenda kazini, maanake ndiyo ilikuwa zamu yake. Anahudumia wazee. Asubuhi hiyo alimwogesha bibi mmoja wa umri wa Mama. "Nilimwogesha polepole," akasema, "kama ningekuwa nyumbani."

Wapendwa, mimi ni mhubiri, lakini sikuwa na neno. Deni lote nililokuwa nimeandika lilikuwa limeshalipwa, tena mahali ambapo sikuwepo. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akauliza, "Kwa nini?" Ikabidi nimweleze pale pale, mbele ya watoto na mbele ya mgeni. Shemeji akainuka akasimama nyuma yake, akamshika mabega.

Kisha nikaomba kwa Kiswahili. Nilimtaja Mama kwa jina. Nilitaja zile zamu za usiku na ile miaka ya kungoja karatasi. Nilitaja nchi iliyompa dada kazi na watoto shule, na hapo sikulazimisha ulimi. Mpwa wangu mdogo alikuwa anamtafsiria yule mzee sikioni, sijui alimwambia nini, lakini mzee ndiye aliyesema amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Tulipofumbua macho, fataki za kwanza zilikuwa zinapasuka upande wa mto. Nyama ilikuwa imepoa. Tukaila hivyo hivyo.