Mti wa Kando ya Chemchemi

Katika vijiji vinavyozunguka Kolwezi watu wengi hujipatia riziki kwa shoka na tanuru ya makala. Kazi hiyo yenyewe si dhambi. Lakini Serikali ya Kongo, kwa sheria ya misitu ya mwaka 2002, imekataza kufyeka miti katika meta 50 za kila upande wa mto, na katika meta 100 kuizunguka chemchemi. Basi wakatekumeni huuliza: Mtu akivunja katazo hilo mahali pasipo na askari, je, amemkosea Mungu, au ameikosea Serikali tu?

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, yasimuliwa jinsi Wafilisti walivyovifukia kwa udongo visima vya Abrahamu, hata Isaka akalazimika kuvichimbua upya. Kila mtu huona ubaya wa tendo hilo. Sasa atazamwe yule afyekaye ukingo wa mto. Majani yaliyopunguza nguvu ya mvua hayapo tena. Mvua za Novemba zikianguka, udongo huteremka majini na chemchemi huzibika. Kila kijito humwaga mzigo wake katika Lualaba, mto ushukao mpaka maziwa na mabwawa ya Upemba, ambako wavuvi huishi kwa samaki. Mfilisti alifukia kwa mikono yake. Huyu ameiachia mvua kazi hiyo.

Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa manufaa ya wote, na sheria ya haki hufunga dhamiri. Hapa amri ya saba yaguswa: anyang'anywaye maji ni jirani.

Wengine hujitetea kwamba mashimo ya shaba huharibu maji kuliko shoka. Huenda ni kweli. Wenye mashimo watajibu kwa yao. Utetezi wa maskini ni mzito zaidi. Asiye na pori lingine, na watoto wake wana njaa leo, hahukumiwi sawa na mfanyabiashara ajazaye lori. Hatia yake hupungua, pengine hutoweka. Lakini mwenye pori lingine, aliyechagua ukingo kwa kuwa u karibu na njia, hana udhuru huo.

Aliyekwisha kukosa yampasa kulipa, hata kabla ya Ubatizo. Mti uliochomwa haurudi, bali visiki vya pori la Katanga huchipua. Asilime hapo, tena auzuie moto wa kiangazi usipite, mwaka baada ya mwaka, mpaka machipukizi yapite kimo cha mtu.