Nani Atangulize Mkono?

Wiki chache zilizopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alifika ofisini mwetu akiwa na swali ambalo mwanzoni tulilidhani dogo. Mwanawe anasoma Marekani. Kijana huyo aliuza kamera yake katika mnada wa intaneti, ikapata dola 100. Mnunuzi alipokwisha kupatikana, kijana alimwandikia kwamba afadhali wamalizane pembeni, na fedha itumwe kana kwamba ni ya rafiki kwa rafiki yake, ili ada ya mnada isikatwe. Mnunuzi alikubali. Fedha ikafika, kamera ikafika, wala hakuna aliyelalamika. Lakini baba aliposikia habari hiyo hakufurahi. Mwana akamjibu kwamba hakumwibia mtu. Basi mzee alitaka kujua: je, huo ni werevu tu, au pana kosa ndani yake?

Tulimwomba atupe muda. Maana swali lake si la kijana mmoja tu aliye ng'ambo. Siku hizi hata katika nyumba zetu watu huuziana simu, nguo, cherehani na vipuri vya pikipiki bila kuonana uso kwa uso. Kwa hiyo yafaa tulichimbue jambo hili tangu mzizi wake.

Katika soko la kijijini biashara ni jambo la mikono miwili. Mkono mmoja hutoa fedha, mwingine hutoa mali, na yote mawili hutendeka kwa mara moja. Mnunuzi ameugusa muhogo, muuzaji ameihesabu fedha, na kila mmoja anajua mwenzake anakaa wapi. Lakini watu wakitengwa na safari ya siku tatu, mikono hiyo haiwezi tena kukutana. Hapana budi mmoja atangulie: ama fedha iende kwanza, ama mali. Anayetangulia yumo katika hatari. Anayefuata yumo katika majaribu. Hapo ndipo lilipo swali la haki, nalo ni hili: nani atangulize mkono, na nani aibebe hatari ya kutangulia?

Minada ya intaneti ilikutana na swali hilo tangu mwanzo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kimulikio cha leza kilichoharibika, nacho kilipata dola 14.83. Siku zile mnunuzi alituma hundi au hawala kwa posta, kisha akangoja. Muuzaji naye alingoja hundi ikubaliwe na benki ndipo apeleke mali. Mwaka 1996 mnada ule ulianza kuwaandikisha watu sifa za wale waliofanya nao biashara, njema au mbaya, ili mgeni apate angalau habari za mgeni mwenzake. Lakini sifa si dhamana. Mtu aweza kuwa mwaminifu katika mauzo madogo ishirini, akangoja lile kubwa.

Hundi nazo zilikuwa na mtego wake. Tapeli hujifanya mnunuzi, akatuma hundi iliyozidi bei, kisha akamwomba muuzaji amrudishie ile ziada. Benki huweza kumruhusu mwenye akaunti kutoa fedha kabla hundi haijathibitika kabisa. Muuzaji huona fedha imeingia, hurudisha ziada, hupeleka na mali. Baada ya siku kadhaa hundi huonekana ni ya uongo, na benki humdai yeye. Amepoteza mali, amepoteza ziada, na anabaki na deni. Twaona basi kwamba njia iliyoonekana haina gharama yoyote ndiyo iliyomgharimu kupita zote.

Ndiyo maana akatafutwa mtu wa tatu. Wazo hili si geni kwetu. Wazee wetu walipotaka kumaliza shauri la mali kati ya watu wasioaminiana walimweka mshenga, au waliikabidhi amana kwa mtu mwenye heshima. Huko China, mnada na soko la Taobao vilipoanza mwaka 2003, watu waliogopa kutuma fedha kwa wasiowajua. Dawa iliyopatikana mwaka uo huo ni Alipay: fedha ya mnunuzi ilishikwa pembeni, wala muuzaji hakuipata mpaka mnunuzi aseme mali imefika. Huko Marekani PayPal ilijiweka kati ya muuzaji na mnunuzi, na mwaka 2002 eBay ikainunua. Mwaka 2015 zikatengana tena. Wanaolipa kwa kadi ya mkopo katika nchi ile walikuwa na kinga tangu zamani zaidi, kwa kuwa sheria ya mwaka 1974 humpa mwenye kadi haki ya kulikataa deni ambalo si halali.

Lakini mtu wa tatu hafanyi kazi bure. Kwa miaka mingi ada ya kawaida ya PayPal kwa muuzaji wa Marekani ilikuwa 2.9 kwa mia, pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Tuhesabu. Kwa mauzo ya dola 100 ada hiyo ni dola 3.20. Kwa mauzo ya dola 10 ni senti 59, yaani karibu 6 kwa mia. Aliyeuza kitu kidogo alikatwa sehemu kubwa zaidi kuliko aliyeuza kikubwa. Jambo hili halifai kupuuzwa, kwa maana wauzao vitu vidogo mara nyingi ndio maskini. Na mnada wenyewe una ada yake: katika eBay ya Marekani, kwa aina nyingi za bidhaa, ada ya siku hizi, ambayo gharama ya malipo imo ndani yake, ni kama 13 kwa mia. Hatushangai basi kwamba watu hutafuta njia ya kuikwepa.

Je, ada hiyo ni wizi? Tunajibu: siyo, ikiwa imetangazwa mapema na ikiwa ni ujira wa kazi iliyofanywa kweli. Aliyemtafuta mnunuzi, akaishika fedha, akakubali kusikiliza ugomvi, amefanya kazi. Ni haki pia kuuliza kama ujira umezidi kazi, na mtu ana uhuru wa kwenda kwa dalali mwingine mwenye ada ndogo. Lakini asifikiri kwamba gharama ya kuaminiana yaweza kufutwa kabisa. Mwezi Oktoba 2024 eBay ya Uingereza iliwaondolea ada ya mauzo watu binafsi karibu katika bidhaa zote. Mwezi Februari 2025 ikaweka ada ya kinga, nayo hulipwa na mnunuzi. Mzigo ulihama bega, haukutoweka.

Sasa tumrudie yule kijana. Twaona makosa matatu, nayo hayalingani kwa uzito.

Kwanza, alisema neno lisilo la kweli, na akamfundisha mwenzake kulisema. Mnunuzi yule hakuwa rafiki yake. Kamera ile iliuzwa. Pili, alifanya biashara katika uwanja wa mtu mwingine, akampata mteja kwa kengele ya mtu mwingine, kisha akamvuta nje ya lango ili asilipe ushuru aliokwisha kuukubali. Tatu, na hili ndilo kubwa, alimvua mnunuzi ngao yake. Fedha inayotumwa kama ya rafiki haina kinga ya manunuzi. Laiti kamera ingefika imevunjika, au isingefika kabisa, mnunuzi asingekuwa na mahali pa kudai. Kijana aliokoa kama dola 13, na kwa ajili ya dola hizo aliiweka hatari yote ya dola 100 juu ya mabega ya mwingine.

Watu watasema: mnunuzi si alikubali mwenyewe? Ndiyo, alikubali. Lakini je, alielezwa alichokuwa anakiacha? Kukubali kwa mtu asiyejua ni kukubali nusu. Watasema tena: mbona kamera ilifika salama? Ilifika, na tunamsifu kijana kwa kuipeleka. Lakini yafaa atafakari neno moja. Maneno aliyomwandikia mnunuzi ndiyo hayo hayo anayoandika mwizi. Mwizi naye husema tumalizane pembeni, tuokoe ada, nitumie kama rafiki. Mnunuzi yule sasa amejifunza kwamba maneno hayo ni ya kuaminika. Safari ijayo atakapoyasikia, hataogopa. Kila mtu mwaminifu anayepita njia ya wezi huwasawazishia wezi njia yao.

Tusimlaumu muuzaji peke yake. Wapo wanunuzi wanaoigeuza ngao kuwa upanga. Mtu amepokea mali yake, naye anaandika kwamba haikufika. Au ameivaa nguo sherehe nzima, kisha anasema ilikuja imechakaa. Kampuni humrudishia fedha, na muuzaji hubaki mikono mitupu. Huo ni wizi kamili, hata kama aliyeibiwa hana sura machoni pa mwizi. Kinga iliwekwa kwa ajili ya aliyedhulumiwa. Anayeidai kwa uongo humnyima kesho mtu mwenye shida ya kweli, maana kampuni zikidanganywa mara nyingi huacha kuamini hata machozi ya haki.

Hapa kwetu mambo yana sura nyingine lakini roho ni ile ile. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo watu wengi hawawezi kufikiri biashara bila fedha ya simu. Ni njia nyepesi, na ada yake huonekana wazi. Lakini imefanana na fedha mkononi: ukishamtumia mtu, imefika, na kuirudisha ni kazi. Anayetuma kabla ya kuuona mzigo ndiye aliyetanguliza mkono. Na nani asiyeijua kauli ya tuma na ya kutolea? Kauli hiyo si dhambi. Wakipatana tangu mwanzo kwamba mnunuzi atalipa ada ya kutoa fedha, ni bei tu kama bei nyingine. Kosa huja pale bei inapotajwa ndogo ili kumvuta mtu, kisha ada zikaletwa moja moja wakati amekwisha kufunga safari.

Kutokana na hayo twaweza kuwapa wasomaji wetu mashauri manne. La kwanza: kabla ya kuuliza ada ni ngapi, uliza itakuwaje mambo yakiharibika, na nani atapoteza. Ada ndogo isiyo na jibu la swali hilo ni ghali. La pili: ukubwa wa kinga ulingane na ukubwa wa mali. Kwa kitu cha shilingi elfu chache, kulipa mzigo ukifika kwaweza kutosha. Kwa mali ya karo ya mwaka mzima, usitume hata senti pasipo mtu wa kati unayemjua. Na huyo mtu wa kati mtafute wewe mwenyewe, usimpokee kwa kuletewa na mwenzako, maana matapeli hutengeneza hata wadhamini wa uongo. La tatu: mapatano ya ada yafanywe wazi kabla ya mauzo. La nne: tunza maandishi, picha na hati za posta, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akatuuliza: je, kudai njia salama si kumdhania mwenzako ubaya? Hapana. Anayefunga mlango usiku hamtukani jirani yake. Tahadhari ni tofauti na dharau. Tena njia salama humsaidia hata yule mwingine, kwa kuwa humwondolea majaribu. Ni wema kumwamini mtu. Ni wema pia kutomweka mtu dhaifu mbele ya fedha isiyo na mlinzi. Lakini tusijidanganye kwamba mitambo itatufanya waaminifu. Ngao humkinga mtu asidhulumiwe, haimzuii asidhulumu. Kwa hilo hakuna kampuni wala kadi itakayokaa mahali pa dhamiri.

Mzee aliporudi tulimweleza hayo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitazamia: mwanawe afanye nini sasa, ikiwa mauzo yamekwisha? Tulimjibu hivi. Kwa kuwa kijana aliiondoa dhamana ya kampuni, yeye mwenyewe amekuwa mdhamini. Amwandikie mnunuzi kwamba, kwa muda ule ule ambao mnada ungempa, kamera ikionekana ina kasoro ambayo haikutajwa, atamrudishia fedha yake. Na ada aliyoikwepa asiihesabu kuwa faida, ni deni. Awaulize wenye mnada namna ya kuilipa.

Mzee alichukua kofia yake, akasema atampigia simu jioni ile ile, kabla ya kijana kuuza kitu kingine.